Mabruki na Kitambaa cha Maneno

Mume wangu Mabruki alikuwa mwandishi wa mabango, na mimi ni kiziwi. Nayasema yote mawili mapema ili nisije nikasumbuliwa na maswali. Watu wa mtaa wetu wa Isevya, Tabora, walizoea kunipigia kelele sikioni, kana kwamba uziwi ni mlango uliokwama na ukiusukuma sana utafunguka. Haufunguki. Homa ya uti wa mgongo ilinishika wakati mwanangu Abbasi bado ananyonya, na nilipoinuka kitandani dunia ilikuwa imenyamaza. Nikabaki na macho. Nilijifunza kusoma midomo ya watu, nikaisoma vizuri hata wambea wa mtaa wakawa wananipa mgongo wanapozungumza.

Lakini hii ni habari ya Mabruki.

Alizaliwa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu yake alifika pale na mzigo wa nguo ya marekani begani, akautua, akaoa, pwani asiione tena. Mabruki alianza kazi stesheni ya Tabora, akiandika alama juu ya magunia na makasha. Uhuru ulipokuja mji mzima ulitaka kuandikwa upya, na yeye ndiye aliyekuwa na ngazi na brashi. Alifuta majina ya zamani, akaandika mapya: maduka, hoteli za chai, fundi saa, ofisi. Mkono wake ulikuwa mzuri, na kichwa chake kilikuwa kigumu. Hakuandika jambo lisilo kweli hata ukimwangukia miguuni.

Muuza nyama mmoja alitaka bango lisemalo "Nyama Safi Kila Siku". Mabruki akamwuliza, "Unachinja kila siku?" Yule bwana akasema anachinja Jumatatu na Ijumaa. Mabruki akaandika "Nyama Safi", akashuka ngazi, akaanza kuosha brashi. Walibishana mpaka adhuhuri. Bango lilibaki vilevile miaka na miaka, na Mgala muue na haki yake mpe, nyama ya yule bwana ilikuwa safi.

Nyumbani tulisemezana bila sauti. Abbasi aliyajua mazungumzo hayo tangu mdogo. Alikuwa akisimama mlangoni, ananitazama usoni, kisha anafungua kinywa taratibu, silabi moja baada ya nyingine. Mpita njia angedhani mtoto anatafuna. Mara nyingi alichosema ni kilekile: ameshakula kwa shangazi yake Zamda, nisimsubiri. Maana nilikuwa na desturi niliyoachiwa na mama yangu, kwamba mama haonji chakula kabla ya mwanawe. Sahani ya Abbasi naiweka mkekani, naifunika kawa, nangoja. Mabruki alinitania kwamba ni heri Mungu alitupa mtoto mmoja tu, tungepata sita ningekufa na njaa.

Basi miaka ile ya Ujamaa watu wazima wote walikuwa wakifundishwa kusoma. Darasa la mtaa wetu lilikuwa ukumbini, na msimamizi wake alikuwa Ndugu Tobias, kijana mpole aliyelelewa na mapadri, asiyejua kukaa bila kufanya jambo. Alikuwa na mashine ya sinema na filamu za kufundishia: usafi, kilimo, lishe. Zote zilisema Kiingereza. Kwanza alikuwa akisimama kando ya picha na kuzitafsiri kwa mdomo. Halafu akapata wazo, akaja kwetu kulileta.

"Shikamoo, Mzee Mabruki. Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba."

"Watu hawa nimewafundisha kusoma," akasema, na alikuwa na adabu ya kunigeukia mimi pia. "Sasa nataka waisome sinema. Maneno yawe chini ya picha, yaende pamoja na picha. Ng'ambo yanabandikwa ndani ya filamu yenyewe, ila sisi mashine hiyo hatuna."

Mabruki alilifikiria siku nzima. Kisha akaenda kwa seremala, akachongewa magogo mawili membamba ya kuviringishia. Akanunua marekani, akaishona vipande kwa vipande mpaka ikawa kitambaa kirefu, akakiviringisha kwenye gogo moja na ncha yake akaipigilia kwenye jingine. Magogo yalisimama huku na huku chini ya shuka la sinema, na lile la kulia lilikuwa na mkono wa kuzungusha. Taa ndogo iliyozibwa na bati ilimulika kitambaa bila kuharibu picha. Maneno aliyaandika kwa rangi nyeusi ya mafuta, mstari mmoja mmoja. Picha ikibadilika anazungusha, mstari unaofuata unajitokeza.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Filamu ilikuwa ya usafi. Mabruki alizungusha sawasawa na picha, lakini wasomaji ndio kwanza wanajifunza, wanasoma kwa sauti wote pamoja, silabi kwa silabi. Hawajafika katikati, mstari umekwenda. Wakaanza kumpigia kelele. Akasubiri, picha zikamwacha. Chini ya bibi mmoja mwenye heshima zake, anakunywa uji, kukasomeka "Funika choo kila mara". Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tobias alijificha nyuma ya mashine.

Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nimeshika taa, uso nimewaelekezea watu. Nikaona vinywa vyao vyote. Nikaona pia kwamba wa mwisho kumaliza kila mstari ni Mzee Mfaume, mshona viatu, aliyesoma huku akizifuata herufi hewani kwa kidole. Kinywa chake kikifunga, wote wameshamaliza. Nikamwambia Mabruki usiku uleule, akafuta, akaandika upya kwa maneno machache. Na tangu hapo kiti changu kikawa pale mbele, mgongo kwa picha, macho kwa Mzee Mfaume. Kinywa chake kikifunga nainua mkono, Mabruki anazungusha. Hatukukosea tena. Tuliitwa mitaa mingine na vijijini, tukawa tunakwenda na magogo yetu juu ya gari kama watu wa ngoma.

Abbasi alimaliza shule, akajiunga na vijana wa kujitolea waliokwenda kujenga kijiji kipya upande wa Usoke. Walijenga nyumba na mabani ya kukaushia tumbaku. Alituma salamu kwa kila aliyepanda treni. Mimi niliendelea kumwekea sahani yake chini ya kawa kila jioni, na asubuhi nikawapa kuku. Mabruki alinitania mwanzoni. Akasema kuku wa Isevya watashindwa kuruka.

Wakati wa mvua lori la miti walilopanda lilipinduka penye kijito. Wengine waliumia. Abbasi alikufa palepale. Walimleta kwa treni, tukamzika baada ya alasiri.

Sikulia. Nasema ilivyokuwa. Wanawake waliketi nami, wakanishika mabega, wakanitazama usoni wakingoja. Niliona midomo yao upande wa pili wa chumba: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mbona huyu mkavu?" Hawakujua nimewasoma, au walijua na hawakujali. Sikukasirika. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, ni wako, ukiubonyeza huhisi kitu. Nilimwonea haya Mabruki, ambaye alilia mbele za watu mpaka akainuliwa.

Matanga yakaisha. Jioni yake nikapika, nikapakua, nikachukua sahani ya Abbasi nikaifunika kawa. Mabruki aliitazama. Safari hii hakutania. Tukaendelea hivyo, jioni hata jioni. Chakula hakikuwa na ladha kinywani mwangu, nilimeza kwa kuwa watu humeza. Niliongeza chumvi nikidhani imepungua. Mabruki alikula alichopewa, akanywa maji mengi, akarudi kwenye mabango yake.

Mwezi wa Agosti Tobias alileta filamu mpya. Alisimama mlangoni anazungusha kofia mikononi.

"Ni ya vijiji vipya," akasema. "Walipiga picha kule upande wa Usoke kabla ya mvua. Kama hamtaki, nitaelewa. Mtaani pengine kuna mwandishi mwingine."

Mwandishi mwingine hakuwepo, na yeye alijua. Mabruki akanitazama. Nikasema kazi ni kazi.

Kila filamu tuliiangalia sisi kwanza ili Mabruki apime maneno. Tulitundika mablanketi madirishani mchana, Tobias akawasha mashine. Mzee Mfaume naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kurudisha viatu vya Tobias, akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu pekee ya kuitazama picha yenyewe.

Kulikuwa na trekta, kisima, darasa chini ya paa jipya. Kisha vijana wamebeba miti. Mmoja akatua mti wake, akajifuta uso kwa mkono, akageuka akatutazama. Alikuwa Abbasi. Alikuwa amekonda kidogo. Aliitazama ile kamera kama anavyosimama mlangoni kwangu, akafungua kinywa taratibu, silabi moja baada ya nyingine.

"Mama, nimekula. Usinisubiri."

Akacheka, akaubeba mti, akaondoka. Alijua filamu hizi zinafika Tabora. Alijua ni nani anayeziwekea maneno.

Mabruki alisimamisha kila kitu. Alinijia, akapiga magoti mbele ya kiti, taa ikimwangaza. Yeye macho yake yalikuwa yamechoka kwa rangi za miaka yote, picha ya mbali aliiona kwa ukungu.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu," nikamjibu. "Anatafuna."

Mzee Mfaume akacheka kwa huruma, akasema, "Karanga hizo. Za kule ni tamu." Mabruki aliendelea kunitazama kitambo, kisha akainuka.

Nilimdanganya kwa sababu moja. Nikisema maneno yale, jioni ile sina tena sababu ya kufunika sahani. Na bila ile sahani sikujua ningefanya nini na mikono yangu. Haikuwa zaidi ya hapo.

Siku zilizofuata Mabruki aliandika. Tobias alimpa tafsiri ya kila alichosema msimulizi. Penye Abbasi, msimulizi alikuwa amesema vijana wanajenga taifa. Tobias alipokuja kukagua kitambaa alikikunjua ukumbini mpaka akafika pale, akakuta peupe, urefu wa mstari mzima na zaidi. Wakabishana. Mabruki alinipa mgongo, kwa hiyo nilipata upande wa Tobias tu.

"Watu watadhani kitambaa kimekwama, Mzee."

Akasikiliza.

"Lakini msimulizi ndivyo anavyosema. Si uongo. Walikuwa wanajenga."

Akasikiliza tena, muda mrefu. Kisha akaangalia chini. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli, pale anayesema ni Abbasi. Basi pabaki peupe."

Nikajua Mabruki amesema nini, na nikajua hakuuamini utafunaji wangu hata kidogo.

Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho, alioga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Niliingia kwenye kibanda chake cha kazi kufagia. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, kimekunjuliwa pale penye weupe. Kopo la rangi lilikuwa wazi, na brashi nyembamba imelazwa juu yake, imelowa. Katika miaka yetu yote sikumwona Mabruki akiondoka na kuacha kopo wazi. Rangi ilikuwa adimu siku zile. Aliifunika kwa makini kuliko nilivyofunika mimi sahani.

Nilisimama na ufagio mkononi. Niliuona ukumbi wa kesho yake, watu wote wa mtaa na mitaa ya jirani, na mwanangu amefungua kinywa mbele yao juu ya kitambaa kitupu, na Mzee Mfaume anawaeleza kwamba hizo ni karanga. Nikasikia hasira. Ilikuwa ndogo, kama vile mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma, lakini ilikuwa ya kwanza kitambo. Mtoto wangu hakuwa mtu wa kutafuna mbele za watu. Nilimlea.

Nikashika brashi. Mabruki alinifundisha herufi zamani, tulipokuwa hatujapata njia nyingine ya kusemezana, ila mkono wangu ni wa jikoni. Herufi zilipanda, zikashuka, moja ikachuruzika. Nikafunika kopo. Mabruki aliporudi alikunja kitambaa bila kukitazama, au alikitazama nikiwa nimeelekea kwingine.

Kesho yake alasiri ukumbi ulijaa. Mablanketi yalishushwa. Niliketi kwenye kiti changu, mgongo kwa picha, na Mabruki kando yangu ameshika mkono wa gogo. Trekta ikapita, nikaijua kwa mstari wake vinywani mwao. Kisima kikapita. Darasa likapita. Mzee Mfaume alikuwa safu ya mbele, kidole hewani. Nikainua mkono, Mabruki akazungusha.

Mwanga uliokuwa nyusoni mwao ukabadilika kidogo. Wakaangalia juu, kisha wakaangalia chini kwenye maneno, na wote wakaanza.

"Ma-ma."

Mtu mwingine angesikia sauti. Mimi niliona vinywa, safu nyuma ya safu, wazee na wanawake wenye watoto migongoni, wote wanafungua taratibu, silabi moja baada ya nyingine, kama alivyofungua yeye mlangoni. "Ni-me-ku-la." Zamda alikuwa safu ya tatu, alifika hapo akashika kinywa. Wengine wakaendelea. "U-si-ni-su-bi-ri." Kidole cha Mzee Mfaume kikafika mwisho wa mstari, kikakaa pale. Kinywa chake kikafunga.

Ilikuwa zamu yangu kuinua mkono. Sikuinua.

Mabruki hakuzungusha. Nilijua nyuma yangu picha zinakwenda, Abbasi ameshaubeba mti wake ameondoka, yamekuja mabani, yamekuja majani ya tumbaku na wageni wanaopewa maua, na chini ya vyote hivyo ni maneno yaleyale na herufi zangu zilizopinda. Tobias alikuwa amesimama kando ya mashine, hakufanya lolote. Na wanafunzi wa darasa la watu wazima ukiwaachia mstari mbele yao wanausoma tena, ndivyo walivyofundishwa. Wakausoma tena. Mzee Mfaume alirudisha kidole mwanzo, akasoma, na mara hii alipomaliza alinitazama mimi. Akavua kofia yake.

Nikainua mkono. Mabruki akazungusha, akaruka mistari iliyotupita, tukaikuta filamu ikiwa karibu na mwisho.

Nyumbani nilisonga ugali, nikapika mlenda wa karanga. Nikapakua sahani mbili. Kawa niliacha limetundikwa ukutani. Mabruki aliliangalia, akanawa mikono, akaketi. Nami nikaketi, nikamega tonge, nikachovya, nikatia kinywani. Chakula hakikuwa kinamngoja mtu.

Chumvi ilikuwa nyingi mno. Ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki. Niliusikia ulimi wangu ukijikunja, na nikamtazama Mabruki, naye anamega na kuchovya kama kawaida yake.

"Tangu lini chakula changu kiko hivi?" nikamuuliza.

Alimaliza kutafuna. Akanigeukia vizuri ili taa impige usoni.

"Tangu matanga."

"Na wewe unakula tu? Husemi?"

Akafungua kinywa taratibu, bila sauti, kama tulivyomfundisha mtoto.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema.

Nikainuka kwenda kumchotea maji. Sikufika kwenye mtungi. Zamda aliniambia kesho yake kwamba kilio changu kilimfikia nyumba ya tatu, akaja mbio bila viatu. Mimi sikukisikia.